Pembe kati ya mabapa mawili: kwa nini mabawa ya ndege hayalali sawa na ardhi

#1 Fundi Mraba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Sekondari kuna mada inayosomwa haraka haraka mtihani ukiwa umekaribia, kisha inasahaulika: pembe kati ya mabapa mawili. Mwanafunzi anachorewa piramidi ubaoni, anaambiwa atafute pembe kati ya uso huu na kitako, anatumia tanjenti, anapata jibu, anafunga daftari. Hakuna anayemwambia kwamba pembe hiyo hiyo imo kwenye ndege zinazopita juu ya kichwa chake, na kwamba watu wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 200. Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Nitakwenda polepole ili hata aliyeachana na hesabu siku nyingi asibaki nyuma.

Tuanze na jiometri. Bapa ni uso ulionyooka kabisa, usio na kingo. Mabapa mawili yasiyo sambamba lazima yakutane, na yakikutana yanaacha mstari ulionyooka. Fungua kitabu chenye jalada gumu, usikifungue chote. Kila jalada ni bapa, mgongo wa kitabu ni mstari wa makutano. Swali ni jalada limefunguka nyuzi ngapi.

Ukichora mstari wa mshazari kwenye jalada la kwanza, na mwingine wa mshazari kwenye jalada la pili, unaweza kupata karibu pembe yoyote unayoitaka. Ili jibu liwe moja, chagua nukta moja juu ya mgongo. Kutoka hapo chora mstari kwenye kila jalada, na kila mstari ukae pembe mraba na mgongo. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ndiyo pembe ya mabapa. Ukihamisha nukta juu au chini ya mgongo, jibu halibadiliki.

Kwa aliyefika kwenye vekta kuna njia fupi zaidi. Kila bapa lina mshale wake unaosimama wima juu yake. Bapa lenye mlinganyo ax + by + cz = d, mshale wake ni (a, b, c). Pembe kati ya mishale miwili inakupa pembe kati ya mabapa:

cos θ = (n₁ · n₂) / (|n₁| × |n₂|)

Mfano: 2x + y − 2z = 5 na x − 2y + 2z = 3. Mishale ni (2, 1, −2) na (1, −2, 2), kila mmoja una urefu wa 3. Ukizidisha na kujumlisha unapata 2 − 2 − 4 = −4. Kwa hiyo cos θ = −4/9, yaani θ ni kama nyuzi 116.4, na pembe ya upande wa pili ni 63.6. Zote mbili zipo pale, maana mabapa yakikatana huacha pembe kali na pembe butu. Mlinganyo hauchagui. Anayechagua ni wewe, kwa kuangalia umbo halisi unalolipima.

Sasa ndege. Simama mbele ya ndege ya abiria yenye mabawa chini ya kiwiliwili, pua ikikutazama. Utaona mabawa yanapanda kuelekea nchani, kama herufi V iliyolazwa wazi sana. Chukua kila bawa kuwa bapa. Mabapa hayo mawili yanakutana kwenye mstari unaopita katikati ya kiwiliwili toka puani hadi mkiani, na pembe yao ndiyo ile ya kitabu. Wahandisi wa ndege wanaiita daihedro, ila wana desturi yao: hawapimi kutoka bawa hadi bawa, wanapima bawa moja limeinuka nyuzi ngapi kutoka ulalo. Kwa Boeing 737 ni nyuzi 6. Mtu wa jiometri akija na kipimapembe chake atasema pembe kati ya mabawa ni 180 − 12 = 168. Wote wawili wako sahihi, wanapima kitu kimoja kutoka sehemu mbili.

Nyuzi 6 zinasikika kidogo. Lakini 737-800 ina upana wa mita 34.3 bila yale mapezi yaliyosimama nchani. Toka ubavu wa kiwiliwili hadi ncha ni kama mita 15.3. Zidisha kwa tanjenti ya 6, ambayo ni 0.105, unapata kama mita 1.6. Ncha iko juu ya shina la bawa kwa karibu kimo cha mtu mzima.

Aliyeandika mapema kwamba mabawa yaelekezwe juu ili ndege itulie ni Mwingereza George Cayley, mtu wa Yorkshire, katika makala zake za 1809 na 1810. Injini ya kuinua ndege ilikuwa bado kabisa. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo ya mpira uliosokotwa kwenye bustani ya Tuileries, Paris. Ilikuwa na ncha za mabawa zilizopinda juu, ikaruka kama mita 40 bila mtu wa kuiongoza. Neno la maana ni hilo la mwisho: bila mtu wa kuiongoza. Pembe ndiyo iliyokuwa rubani.

Nataka tuingie kwenye *jinsi* pembe inavyofanya kazi hiyo, kwa sababu maelezo yaliyozoeleka yana kasoro kubwa. Ila kwanza nisikie ninyi mnaelewaje.

#2 Kisiki cha Mvule

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu, madini kama haya yameadimika.

#3 Mwana wa Anga

Mkuu hii mbona iko wazi. Ndege ikilala upande wa kulia, bawa la kulia linashuka na kukaa karibu sawa na ardhi, la kushoto linapanda na kuwa mshazari zaidi. Bawa lililo sawa na ardhi linasukuma juu kwa nguvu yake yote, lililo mshazari sehemu ya nguvu yake inaishia pembeni. Kwa hiyo la chini linashinda, ndege inarudi. Hivi ndivyo ilivyo kwenye michoro mingi, mishale miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi.

#4 Fundi Mraba

Mwana wa Anga, asante kwa kuliweka bayana, kwa sababu hilo hasa ndilo nililokuwa nalisubiri. Mchoro huo upo kila mahali na unavutia macho. Lakini haufanyi kazi.

Jiulize: kinachobiringisha ndege ni nini? Ni nguvu ya kila bawa ikizidishwa na umbali wake kutoka mhimili wa katikati. Nguvu ya kuinua inasimama wima juu ya *bawa*, haisimami wima juu ya ardhi. Bawa la kulia lina nguvu yake na umbali wake, la kushoto vivyo hivyo. Ndege ikilala nyuzi 20 huku hewa ikiendelea kuja kwa mbele moja kwa moja, hakuna kilichobadilika kati ya bawa na hewa. Nguvu mbili ni sawa, umbali ni sawa, msokoto wa kulia unafuta wa kushoto. Uzito nao unavuta kupitia kitovu cha uzito, hauna mkono wa kubiringisha, yaani hauna umbali wowote kutoka mhimili. Ndege haijui ardhi iko wapi. Kinachoigusa ni hewa peke yake.

Kwa hiyo kulala tu hakuirudishi. Kinachoirudisha ni kinachofuata baada ya kulala.

Ikilala kulia, nguvu ya kuinua nayo imeinama kulia. Sehemu yake inaivuta ndege kuelekea huko, na ndege inaanza kuteleza kiubavu, kulia na chini. Kuanzia hapo hewa haiji tena puani moja kwa moja. Inakuja kwa mshazari kidogo kutoka kulia. Na hapa ndipo ile mishale ya mabapa inapoingia kazini.

Weka mhimili x uende mbele, y kulia, z juu. Bawa la kulia limeinuka kwa pembe D. Mshale wake wima ni (0, −sin D, cos D). Wa kushoto ni (0, sin D, cos D). Ukitaka kuhakikisha niliyosema kwenye #1, zidisha mishale hiyo miwili: cos²D − sin²D, yaani cos 2D. Pembe kati ya mishale ni mara mbili ya D, sawasawa.

Sasa hewa. Ndege ina kasi V na inateleza kulia kwa pembe B. Hewa inayoijia ni (−V cos B, −V sin B, 0). Tazama kiasi gani cha hewa hiyo kinapiga kila bawa kwa kulipenya:

Bawa la kulia: V × sin B × sin D, ikitoka chini kwenda juu.
Bawa la kushoto: kiasi kile kile, ikitoka juu kwenda chini.

Weka namba. Ndege inakuja kutua kwa mita 70 kwa sekunde, inateleza nyuzi 10, D ni nyuzi 6. Hewa ya ubavuni ni 70 × 0.1736, yaani mita 12.2 kwa sekunde. Zidisha kwa sin 6 ambayo ni 0.1045, unapata mita 1.27 kwa sekunde. Gawanya kwa kasi ya mbele, 68.9, unapata 0.0184 ya radiani, sawa na nyuzi 1.06. Bawa la kulia sasa linaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi kwa nyuzi 1, la kushoto kwa pembe ndogo zaidi kwa nyuzi 1. Bawa ambalo kwa kawaida linaruka likiikabili hewa kwa nyuzi tano hivi, tofauti ya nyuzi 2 kati ya kushoto na kulia ni nguvu kubwa. Bawa la kulia, lililoshuka, linainuliwa. Ndege inarudi.

D ikiwa sifuri, sin D ni sifuri, na mchango wa pembe hii unatoweka wote. D ikiwa hasi, yaani mabawa yameinamishwa chini, ishara inageuka na ndege inazidi kulala.

#5 Mwana wa Anga

Nimekusoma. Lakini maana yake ndege lazima iteleze kwanza ndipo ipone? Rubani akiikunja vizuri kwenye kona, usukani wa mkia umekaa sawa, hakuna kuteleza, basi pembe haifanyi kitu?

#6 Fundi Mraba

Ndiyo hivyo hasa. Kwenye kona iliyopigwa vizuri, isiyo na kuteleza, pembe ya mabawa haina inachorudisha. Abiria wanakaa wamelala na ndege nyuzi 25, wanakunywa chai haimwagiki.

Anayetaka kuona kwa mikono yake akunje ndege ya karatasi. Ya kwanza, mabawa yaelekee juu kidogo ukiishika kwenye ule mgongo wa chini. Ya pili, karatasi ile ile, mkunjo ule ule, ila mabawa yainame chini. Zirushe taratibu ndani ya chumba kisicho na upepo. Ya kwanza itayumba na kujikusanya. Ya pili italala upande mmoja na kuzunguka hadi chini. Angalia kitu kimoja: wengi wakikunja wanaziweka sawa na ulalo zikiwa mkononi, zikiachiwa karatasi inafunguka na pembe inabadilika. Pima ikiwa imeachiwa.

#7 Binti wa Kidato

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nasoma, naomba nisaidiwe kwenye upande wa piramidi. Kitako cha mraba upande wa sm 8, kimo sm 3. Swali linataka pembe kati ya uso wa pembeni na kitako. Mimi napata 27.9, kitabu kinasema 36.9.

#8 Mwalimu wa Zamu

Marahaba mwanangu. Umetumia ukingo wa mshazari, ule unaotoka kilele hadi kona. Chini yake ni nusu ya mstari wa kitako unaotoka kona hadi kona ya mkabala, yaani 5.66, na 3 gawanya kwa 5.66 inakupa tanjenti ya 27.9. Hiyo ni pembe halali, ila ni pembe kati ya *mstari* na bapa.

Wewe umeulizwa uso na kitako. Kwanza tafuta mstari wa makutano: ni upande wa mraba, AB. Chukua katikati yake, iite M. Kutoka M hadi kilele V mstari ni pembe mraba na AB, kwa sababu uso ni pembetatu yenye pande mbili sawa. Kutoka M hadi katikati ya kitako nako ni pembe mraba na AB, urefu 4. Basi tanjenti ni 3/4, nyuzi 36.9.

Kila ukiona swali la mabapa mawili, kabla ya kushika kalamu sema kwa sauti: mstari wa makutano ni upi? Ukishautaja, nusu ya swali imekwisha.

Ukitaka zoezi gumu zaidi, fanya Piramidi Kuu ya Giza. Kitako ni kama mita 230, kimo chake cha awali kama mita 146.6. Uso na kitako ni karibu nyuzi 51.8. Sasa tafuta pembe kati ya nyuso mbili zilizo jirani, zinazokutana kwenye ukingo. Tumia mishale, usihangaike na michoro. Jibu nitaliacha hadi ulijaribu.

#9 Spana Kumi na Tatu

Mimi ni fundi wa ndege ndogo, nichangie upande wa karakana maana hapa watu wanaongea namba bila kushika kitu.

Cessna 172 kitabu chake kinasema daihedro nyuzi 1 na dakika 44. Ukisimama mbele yake karibu huoni kitu, utasema bawa limelala. Tunavyopima: kwanza ndege yenyewe inawekwa sawa kwa pimamaji kwenye sehemu zilizoelekezwa, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Usipofanya hivyo kila namba utakayopata ni ya sakafu ya hanga. Kisha chini ya bawa, kwenye mstari wa mhimili mkuu wa ndani, unaweka ubao uliokatwa kwa pembe inayotakiwa na pimamaji juu yake. Povu likikaa katikati, bawa liko sawa. Siku hizi kuna vipimo vya kidijitali, unasoma tu. Kwa ndege za kujiundia wapo wanaovuta uzi toka ncha hadi ncha na kupima uzi uko juu ya katikati ya bawa kwa sentimita ngapi. Kwa hiyo nyuzi 1 na dakika 44, urefu wa mita 5 toka ubavuni, ni kama sentimita 15.

Pimamaji iwekwe kuvuka ndege, mraba na mstari wa katikati. Ukiilaza kwa mshazari kufuata ukingo wa bawa unapata namba nyingine. Ndilo kosa lile lile la Binti wa Kidato, na nimeliona kwa watu wenye vyeti.

#10 Mpenda Ndege ZNZ

Hapo umenigusa. Hapa Unguja uwanjani Caravan, zile ndege ndogo za abiria za Cessna, zinaingia na kutoka kutwa. Mabawa yake yako juu ya kiwiliwili na yamenyooka karibu kabisa. Halafu inakuja Dreamliner, yaani Boeing 787, mabawa chini, yamepanda juu hasa ikiwa hewani. Na kuna siku niliona Antonov kubwa ya mizigo, ile mabawa yameinama *chini* kabisa. Kama kuinama chini ni hatari kama alivyoonyesha mleta uzi, hilo dude linarukaje?

#11 Fundi Mraba

Swali hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi, mkuu. Pembe unayoiona kwa macho na pembe inayoihisi hewa ni vitu viwili. Mbunifu anatafuta ya pili. Ya kwanza ni chombo kimojawapo tu cha kuifikia.

Kuna vitu vitatu vikubwa vinavyoipa ndege tabia ya kujirudisha, hata bawa likiwa limelala sawa.

Cha kwanza ni mahali bawa lilipokaa. Bawa likiwa juu ya kiwiliwili, ndege ikiteleza kulia, hewa ya ubavuni inagonga kiwiliwili na kupanda kukizunguka. Inapanda wapi? Chini ya shina la bawa la kulia. Inalisukuma juu. Bawa likiwa chini ya kiwiliwili, hewa inayogawanyika kuelekea chini inalikandamiza shina la bawa hilo hilo. Ndiyo maana Caravan, Cessna 172 na wenzao hawahitaji kuinua mabawa sana, na ndege zenye mabawa chini zinahitaji. Wapo wanaosema bawa la juu linatuliza ndege kwa sababu mzigo unaning'inia chini yake. Hapana. Tumeshaona uzito unapita kwenye kitovu chake, hauna mkono wa kusokota. Ni hewa inayozunguka kiwiliwili.

Cha pili ni bawa kurudishwa nyuma, na hapa mtu wa jiometri atashangaa. Chukua bapa la bawa, likate upya ili ncha irudi nyuma nyuzi 25. Bapa limebadilika? Hapana. Umebadilisha mkato ndani ya bapa lile lile, mshale wake wima ni ule ule, pembe kati ya mabapa ni ile ile. Jiometri inasema hakuna kilichotokea.

Hewa inasema vingine. Kinacholiinua bawa zaidi ni ile sehemu ya kasi inayopita pembe mraba na urefu wa bawa. Mabawa yamerudi nyuma nyuzi 25, ndege inateleza kulia nyuzi 10. Bawa la kulia linaona hewa kwa cos 15, la kushoto kwa cos 35. Nguvu ya kuinua inafuata mraba wa kasi: 0.933 dhidi ya 0.671. Kwa hesabu hii rahisi bawa la kulia lina nguvu zaidi kwa asilimia 39! Bila hata nyuzi moja ya kuinua.

Kanuni ya makadirio wanayotumia wabunifu mwanzoni ni kwamba kila nyuzi 10 za kurudi nyuma ni sawa na kama nyuzi 1 ya daihedro. Ila kuna tofauti inayouma. Mchango wa kuinua mabawa, ile V sin B sin D, haujali bawa limebeba kiasi gani. Mchango wa kurudi nyuma unakua kadiri bawa linavyoikabili hewa kwa pembe kubwa, yaani wakati wa kuruka na kutua, ndege ikiwa taratibu na upepo wa pembeni ukiwa hatari zaidi.

Cha tatu ni pezi la mkia, ambalo likiwa refu juu ya mhimili linasukumwa na hewa ya ubavuni na kuibiringisha ndege kuelekea upande salama.

Sasa weka Antonov An-124 kwenye mizani. Bawa liko juu: tayari. Bawa limerudi nyuma: tayari tena. Pezi kubwa: tena. Hewa inahisi pembe kubwa kupita kiasi. Wakaiteremsha kwa kuinamisha mabawa chini. Lockheed C-5 Galaxy ya Marekani ni vivyo hivyo. Tupolev Tu-154 ina mabawa chini na bado yameinama, kwa sababu yamerudishwa nyuma nyuzi 35. Ndege ya kivita F-104 Starfighter, yenye mabawa mafupi karibu yaliyonyooka, iliinamishwa nyuzi 10, sababu kubwa ikiwa lile pezi refu lenye mkia wa ulalo juu yake.

Kuhusu Dreamliner, ulichoona ni kweli. Bawa la 787 linapinda. Kwenye jaribio la mzigo wa juu kabisa mwaka 2010, ncha zilivutwa juu kama mita 7.6. Hewani halifiki huko, lakini linapanda vya kutosha uone kwa macho, na hapo si bapa tena, ni uso uliopinda wenye mwinuko unaozidi kadiri unavyokaribia ncha.

#12 Kisiki cha Mvule

Kwa nini iwe kupita kiasi? Kujirudisha sana si ndiyo usalama zaidi?

#13 Fundi Mraba

Hapana mkuu, na watu wamekufa kwa hilo.

Upepo ukiipiga ndege ubavuni kulia, yenye daihedro kubwa inaruka kulala kushoto kabla rubani hajatia mkono. Ndiyo sababu ndugu wawili Wright, mwaka 1903 pale Kill Devil Hills, Marekani, penye upepo mkali, waliinamisha mabawa ya ndege yao kidogo chini. Walichagua ndege isiyotulia ambayo rubani anaikamata mwenyewe, kuliko inayotii kila dharuba.

La pili ni kile marubani wanachokiita dachi roli. Ndege inageuza pua na kulala kwa zamu, vitu hivyo viwili vikifuatana bila kwenda pamoja: inateleza kulia, inabiringika kushoto, pua inarudi na kupitiliza, inateleza kushoto, inabiringika kulia. Pezi la mkia linapigana kuirudisha pua sawa, mabawa yanapigana kuondoa mlalo. Mabawa yakiwa na nguvu kuliko pezi, yumbo halifi. Tarehe 19 Oktoba 1959 Boeing 707 ikiwa kwenye safari ya mafunzo jimbo la Washington ilitiwa kwenye yumbo hilo makusudi, likapita mipaka, injini 3 kati ya 4 ziling'oka. Watu 4 kati ya 8 walifariki. Na Agosti 12, 1985, Boeing 747 ya Japan Airlines ilipopoteza sehemu kubwa ya pezi lake na mafuta yote ya haidroliki, mabawa yalibaki na tabia yao yote bila pezi la kuyasawazisha. Marubani walipambana na yumbo hilo kwa nusu saa hivi. Watu 520 walikufa, 4 wakapona.

Mabawa yakiwa na nguvu ndogo kuliko pezi, unapata kinyume: ndege inalala taratibu sana, pua inafuata, inazama kwa mzunguko unaobana. Hili linachukua muda, rubani mwenye macho analizuia kwa vidole viwili. Kwa hiyo wabunifu wengi wanakubali kidogo cha hili ili kuepuka lile. Na ndege kubwa zina kifaa kinachochezesha usukani wa mkia chenyewe kuua yumbo.

#14 Pori la Ruaha

Nimesoma yote kimya, mimi mtu wa mbugani. Kuna tai anaitwa pungu, mkia wake mfupi hadi miguu inachomoza nyuma. Akielea anainua mabawa V kabisa, na anayumba kushoto kulia kushoto kulia, muda wote. Mwewe kwa upande wake mabawa anayalaza au kuyainamisha, mkia mrefu wa panda anausokota kila sekunde. Kumbe ndiyo hii!

#15 Fundi Mraba

Pori la Ruaha, umeleta mfano bora kuliko wangu wote. Pungu ana mabawa yenye kujirudisha na mkia mdogo wa kuituliza pua. Mwewe ana mkia wa kufanya kazi yote kwa mkono. Ukiwa huko tena mtazame pungu siku ya upepo na siku ya utulivu, utuletee tofauti.

#16 Spana Kumi na Tatu

Mkuu umeiruka ndege ya kivita F-4 Phantom. Mabawa yamelala ndani, halafu nje yanakunjika juu ghafla, mkia wa ulalo umeshuka chini. Ukiiona mara ya kwanza unadhani imegongwa.

#17 Fundi Mraba

Kweli, hiyo haifai kukosekana. Majaribio ya kwenye handaki la upepo yalionyesha bawa linahitaji kuinuliwa nyuzi 5 lote. Lakini sehemu ya kati, ile inayopita chini ya kiwiliwili, ilikuwa muundo mzito wa titani, na kuuchora upya ni kuanza kazi mwanzo. Wakaacha kati kama kulivyo, wakainua vipande vya nje peke yake kwa nyuzi 12. Kipande cha nje kiko mbali na mhimili, mkono wake ni mrefu, kila nyuzi yake ina uzito kuliko nyuzi ya ndani. Nyuzi 12 nje zikatoa takriban kile ambacho nyuzi 5 za bawa zima zingetoa. Mkia nao waliushusha nyuzi 23. Ikaruka Mei 1958.

F4U Corsair ya 1940, ndege ya kivita ya kurukia melini, nayo ina kunjo, ila sababu yake haihusu kutulia kabisa. Panga la injini lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 4, na miguu ya kutulia kwenye meli ilitakiwa iwe mifupi na imara. Wakashusha bawa toka kiwiliwilini, wakaweka miguu kwenye kona ya chini, kisha wakalipandisha. Kipande cha ndani kinateremka, cha nje kinapanda. Pale bawa linapotoka kwenye kiwiliwili cha mviringo linakaa karibu pembe mraba nacho, na hilo likapunguza ukinzani wa hewa kwenye kona.

#18 Binti wa Kidato

Mwalimu, nimeifanya ya Giza. Cos 51.8 nimepata 0.618. Mishale ya nyuso mbili: (sin, 0, cos) na (0, sin, cos), nikizidisha inabaki cos mraba tu, 0.382. Inanipa 67.5. Lakini nikiangalia picha, ukingo wa piramidi unaonekana mpana kuliko nyuzi 90. Nimekosea wapi?

#19 Mwalimu wa Zamu

Hujakosea popote. 67.5 ni pembe kati ya mishale inayotoka nje. Pembe ya ndani ya jiwe ni 180 toa hiyo, nyuzi 112.5. Soma tena #1, pale mleta uzi aliposema mlinganyo hauchagui. Sasa fanya hivyo hivyo kwa piramidi ya pembetatu yenye nyuso nne zilizo sawa, utapata cos ya pembe ya ndani = 1/3. Ukimaliza niambie kama umbo hilo, ukilipanga pamoja na mengine kama hilo kuzunguka ukingo mmoja, litajaza nafasi yote bila kuacha ufa.

#20 Binti wa Kidato

Nyuzi 70.5. Matano yanajaza 352.6, unabaki ufa wa nyuzi 7 na kidogo. Sita hayaingii.